Njia katika Msitu Uliofungwa

Ndugu msomaji, nakuuliza swali moja, nawe usilijibu upesi. Mtu akikatazwa kukata mti kwa sababu mti ule ni faida ya watu wote, je, yule anayemkataza ana deni kwake, au hana?

Wengi husema hana. Husema: sheria ni sheria. Msitu ukiisha, chemchemi hukauka, udongo huteremka mtoni, na mwisho wote huumia, hata yeye aliyetaka kukata. Basi anayemkataza anamtendea mema, na mtu aliyetendewa mema hana la kudai. Maneno haya yana ukweli mwingi, wala sitaki kuyadharau. Lakini yanasahau jambo moja, nalo ndilo nataka tulitazame pamoja.

Sisi wa Makomeno si wageni katika habari hii. Umeme ukikatika, na hukatika mara nyingi, mbabula huwashwa uani na bukari hupikwa kwa makala. Makala hayo hayakuzaliwa sokoni. Yalikuwa miti, yakafika mjini juu ya malori na baisikeli kwa barabara ya Kasenga, ya Likasi na ya Kasumbalesa, tena kila mwaka yanatoka mbali zaidi. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 katikati ya msitu. Leo anayetaka masuku au vinkubala hayaoni karibu, hungoja wauzaji wayalete kutoka mbali. Kwa hiyo mtu wa mjini anayesema kwa sauti kubwa, “Wakata miti waadhibiwe!” afikiri kwanza, kama ameketi mbele ya mbabula yake anaposema hivyo.

Hata hivyo habari ya makala ya kwetu ina fujo nyingi. Hakuna mlango, hakuna mpaka unaoonekana, wala hajulikani vizuri nani amekataza na nani amekatazwa. Ili swali letu lionekane wazi, twende mahali ambapo msitu umefungwa kweli, mlinzi yupo mlangoni, na ndani kuna njia ya watembezi. Mahali hapo pamo katika nchi yetu wenyewe, kama kilometa elfu moja kaskazini ya Lubumbashi.

Kutoka Bukavu barabara hupita kati ya mashamba ya ndizi, maharagwe na chai, hufika mji mdogo unaoitwa Miti (jina zuri, ingawa leo pale nyumba ni nyingi kuliko miti), halafu hupanda hadi Tshivanga. Hapo ndipo mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega. Jina ni la milima miwili ambayo zamani sana ilikuwa ikitoa moto: Kahuzi, wenye meta 3,308, na Biega, wenye meta 2,790. Tangu mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji iliweka akiba ya wanyama na ya msitu juu ya Kahuzi. Mwaka 1970 akiba ikawa hifadhi ya taifa, na mwaka 1975 ikapanuliwa sana kuelekea magharibi, katika misitu ya bondeni, hata ikafika kilometa za mraba 6,000 hivi. Mwaka 1980 UNESCO ikaihesabu katika urithi wa dunia. Ndani yake wanaishi sokwe wakubwa wa mashariki, aina isiyopatikana katika nchi nyingine yoyote ila Kongo.

Ukitazama sehemu ya milimani katika ramani, utaona kisiwa. Maji hakuna, lakini ni kisiwa cha miti katikati ya mashamba, nacho kimeungana na misitu ya bondeni kwa ukanda mwembamba tu. Pande nyingine zote wanakaa watu, tena kwa wingi. Mwenye kupanda Kahuzi huanza katika msitu mnene wenye unyevu, hupita penye mianzi inayofunga njia kama mapazia, hukutana na miti ya podo, ambayo ni jamaa ya mbali ya msonobari, halafu hutokea juu, kwenye vichaka vifupi na majani, penye baridi na ukungu. Hutembea na kiongozi, na askari mwenye bunduki. Haruhusiwi kukata tawi wala kuacha karatasi. Hupita, hutazama, huchoka, hushuka, hulipa. Hakuna dhambi yoyote katika kazi hiyo. Nadhani hata ni kazi njema: mtu anayepanda mlima kwa miguu yake huona udogo wake, na kuona udogo wako hakujaua mtu bado.

Lakini njia ile ina historia, na haikuanza na watembezi.

Kabla ya hifadhi, waliokaa ndani ya msitu ule ni Batwa. Hawakuwa wakiutembelea; walikuwa wakiishi humo. Asali yao, nyama yao, dawa yao, mahali pa kuombea na makaburi ya wazee wao yalikuwa humo. Hifadhi ilipoanzishwa na kupanuliwa, Batwa walitolewa, maelfu ya watu, pasipo kuulizwa na pasipo kupewa ardhi nyingine. Walikwenda kukaa pembeni ya mashamba ya wengine, wakawa vibarua na waombaji karibu na miti waliyoijua kwa majina. Sasa sikiliza jambo hili. Adrien Deschryver, Mbelgiji aliyeshughulika kuifanya hifadhi ile na kuwazoeza sokwe wasiwakimbie watu, hakuwapata sokwe peke yake. Batwa ndio waliojua kufuata nyayo zao. Watu walewale ambao jamaa zao walitolewa ndio waliowaonyesha wageni pa kukanyaga. Njia anayoilipia mtembezi ilifunguliwa kwa macho na miguu ya Mutwa.

Hapo ndipo neno deni linapoanza kuwa na maana.

Tusikimbilie kulia, maana kulia peke yake hakujibu swali. Tufikiri kama tulivyofundishwa kufikiri, kwa kutofautisha. Jambo la kwanza ni kama msitu ule ulistahili kulindwa. Nasema ulistahili. Mito huteremka kutoka milima ile na kunywesha watu wengi, na sokwe wale wakiisha Kongo wameisha duniani kote. Mungu hakumpa mwanadamu dunia aimalize kama mtoto anayekula mbegu. Jambo la pili ni nani abebe mzigo wa ulinzi huo. Hapo watu huchanganya. Wakisha kuthibitisha la kwanza, hudhani la pili limejijibu lenyewe. Halijajijibu. Ikiwa faida ni ya wote, yaani wa Bukavu, wa Lubumbashi, wa Ulaya, hata wa wale ambao hawajazaliwa, kwa haki gani mzigo wote awekewe mmoja, na huyo awe maskini kuliko wote?

Kijiji kikihitaji daraja, watu wote hutoa jasho au fedha. Ukisema, “Daraja ni la wote, basi nyumba ya huyu mjane ibomolewe tupate mbao,” kila mtu ataona uovu. Labda kweli mbao zake ndizo zilizopo karibu. Labda kweli daraja ni lazima. Lakini kabla ya kugusa mlango wake, kijiji kimeingia katika deni. Asipolipwa, daraja litasimama, watu watapita, na kila anayepita atakanyaga mbao za mjane.

Msomaji anayejua habari za Wafalme atamkumbuka Nabothi. Ahabu alitaka shamba lake la mizabibu kwa bustani ya mboga. Angalia kwamba mfalme yule mbaya alianza kwa kumtolea Nabothi shamba jingine zuri zaidi, au fedha. Nabothi alikataa kwa sababu ni urithi wa baba zake, na urithi si kitu cha kubadilishana tu. Ubaya ulifuata baadaye. Batwa wa Kahuzi hawakupata hata ule mwanzo wa Ahabu. Hakuna aliyewatolea shamba jingine.

Mtu mmoja mwerevu anaweza kunijibu hivi: “Wewe unasema habari za mwaka 1970 na 1975. Yamekwisha. Tuangalie ya leo.” Vema, tuangalie ya leo. Mwezi wa Agosti 2017 Mutwa mmoja na kijana wake waliingia msituni kutafuta majani ya dawa. Askari wa hifadhi wakawapiga risasi. Kijana akafa, baba akajeruhiwa. Mwezi wa Oktoba 2018 Batwa kwa mamia walirudi ndani ya msitu, wakasema hapa ndipo kwetu. Kukawa na mapigano. Batwa wakafa, askari wa hifadhi nao wakafa. Mwezi wa Septemba 2019 pande zote zilikaa Bukavu kuzungumza na kutia sahihi maagano, lakini baada ya hapo vijiji vya Batwa vikachomwa tena na watu wakauawa tena.

Na sasa naleta neno linaloumiza upande mwingine, kwa sababu anayeandika juu ya haki asifiche nusu ya habari. Baada ya kurudi kwa mwaka 2018, sehemu kubwa ya miti ya milimani ilikatwa. Makala yalichomwa ndani ya hifadhi, yakauzwa Bukavu. Wafanya biashara waliingia nyuma ya Batwa, na wakubwa wengine wa Batwa walishirikiana nao. Kwa hiyo wasemao kwamba Mutwa ni mlinzi wa msitu kwa damu yake, nao wanasema hadithi. Mutwa ni mtu. Aliyelala njaa miaka 40 pembeni ya mali yake, siku akiishika tena, aweza kuiuza kwa bei ya chini kwa mtu wa kwanza mwenye lori. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba mtu aliye katika shida ya kufa, akichukua cha mwingine ili aishi, hatendi wizi, maana katika shida kama hiyo vitu hurudi kuwa vya wote. Lakini hakufundisha kwamba mfanya biashara mwenye malori matatu yuko katika shida ya kufa. Kwa hiyo makala moja ya Kahuzi yaweza kuwa na hukumu mbili, kufuatana na mikono iliyoyashika.

Je, kukatwa kwa miti kule kunafuta deni? Wengine hudhani hivyo. Husema: “Mmeona? Tulikuwa na haki kuwatoa.” Hoja hiyo imepinduka. Mtu akimnyima mwenzake chakula mpaka mwenzake akaiba, wizi ule hauthibitishi kwamba kumnyima kulikuwa haki. Mwizi atajibu juu ya wizi wake, naye mnyimaji atajibu juu ya kunyima kwake. Ni vitabu viwili vya hesabu, na Mungu hachanganyi vitabu.

Inafaa sasa tutazame mahali ambapo mambo yalikwenda vingine, tusije tukadhani kwamba kufunga msitu ni lazima kuwe hivi. Hispania ina visiwa katika bahari ya Atlantiki, si mbali na pwani ya Moroko, viitwavyo Kanari. Katika kisiwa cha Tenerife kuna mlima Teide unaopita meta 3,700, na kuuzunguka kuna msitu mkubwa wa misonobari ya aina ya kwao, yenye majani marefu kama sindano yanayokamata maji ya ukungu na kuyadondosha chini. Hispania ilipokwisha kukiteka kisiwa kile mwaka 1496, misonobari ilikatwa kwa karne nyingi kwa mbao na kwa lami ya kuziba merikebu, hata milima mingi ikabaki wazi. Katika karne ya 20 wakapanda upya. Kilele kikawa hifadhi ya taifa mwaka 1954, na msitu unaokizunguka ukalindwa kwa sheria mwaka 1987. Leo njia za miguu hupita kila upande, na watembezi ni wengi mno.

Mambo mawili ya kule yanatufaa. La kwanza: wanavijiji wa milimani hawakufungiwa kabisa. Majani makavu ya msonobari yaliyoanguka, ambayo tangu zamani waliyatandikia mifugo, huweza kuyaokota kwa ruhusa. Na kuyaokota kunasaidia, maana majani yale ni chakula cha moto. Mlango mkubwa umefungwa, ila mdogo umeachwa wazi kwa mwenyeji. La pili: usiku wa tarehe 15 Agosti 2023, siku ambayo kisiwa kile humheshimu Bikira Maria wa Kandelaria, moto uliwaka msituni, ukala zaidi ya hektari 12,000. Njia za milimani zikafungwa. Zikafungwa kwa nani? Kwa kila mtu: tajiri wa Ulaya aliyelipia ndege, na mchungaji wa mbuzi wa palepale. Hakuna aliyeweza kununua ruhusa ya kupita katika majivu. (Msonobari ule, kwa ajabu ya Muumba, huchipua tena kutoka katika shina lililoungua.) Sisemi Wahispania ni watakatifu, wenyeji wa kwanza wa visiwa vile, Waguanche, walitendewa mabaya makubwa, wengine wakauzwa utumwani. Nasema tu kwamba sheria inayomkataza kila mtu kwa kipimo kimoja hubebeka. Sheria inayomkataza mwenye njaa na kumkaribisha mwenye fedha haibebeki, hata kama maneno yake ni mazuri.

Karibu zaidi na sisi kuna Jozani, katika kisiwa cha Unguja, msitu mdogo uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004 kwa ajili ya kima punju wenye mgongo mwekundu. Milima hakuna kule, lakini njia za wageni zipo. Kima wale hula mazao ya wakulima wa jirani, na wakulima walilalamika kwa nguvu. Ikaamriwa kwamba sehemu ya fedha ya kiingilio iende kwa vijiji na kwa wakulima wanaopata hasara. Manung’uniko hayakwisha yote. Fedha haikosi manung’uniko. Lakini kwa tendo lile, aliyekataza alikiri kwamba ana deni, na kukiri ni nusu ya njia.

Kwa Kahuzi, kukiri kumekuja kwa ulimi wa wengine. Mwaka 2022 nchi yetu ilitunga sheria ya kulinda haki za Wambuti wenye asili ya msitu. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, kwamba kuwatoa Batwa katika Kahuzi-Biega kulivunja haki zao. Kwamba warudishiwe ardhi yao, walipwe fidia, waombwe msamaha. Nimependa hasa neno la mwisho. Fedha mtu huweza kuitoa huku akimdharau anayepewa. Kuomba msamaha humlazimu mkubwa kusema: nilikukosea wewe, nawe una jina.

Watu wengine wenye moyo mzuri hushauri kwamba Batwa waajiriwe kuwachezea ngoma watembezi mlangoni, ndipo wapate kitu. Mimi sipendi shauri hilo likisimama peke yake. Kumlipa mtu kwa sababu anaonekana wa ajabu si sawa na kumlipa kwa sababu ana haki. Kiongozi wa njia anayejua mti, dawa na nyayo, akipewa mshahara wa kweli na kusikilizwa katika baraza la hifadhi, huyo analipwa kwa haki. Anayecheza ngoma yake ya mazishi mbele ya mashine za picha, ili apate sabuni, anazidi kudaiwa.

Wala tusiwasahau askari wa hifadhi. Wengi ni vijana wa vijiji vya karibu, wenye watoto, na mshahara wao si wa kujivunia. Wameuawa wengi kwa kulinda miti ambayo sisi wa mbali tunaisifu tukiwa tumekaa. Bunduki imo mkononi mwa maskini, imemwelekea maskini mwingine, na mwenye faida yuko mbali anasoma habari zao. Nakuomba uitafakari picha hiyo kabla hujasema ni nani mbaya.

Kwetu Katanga swali hili linakuja, kama halijafika tayari. Tuna hifadhi ya Upemba tangu mwaka 1939 na ya Kundelungu tangu mwaka 1970, penye maporomoko makubwa ya Lofoi, na kuna watu wanaotamani watembezi waje kwa wingi. Waje. Lakini pembeni ya hifadhi hizo kuna wavuvi, wawindaji, wachoma makala na wakulima, nao wataambiwa: hapa msiguse. Watakaowaambia hivyo wawe wamekwisha kuandika, kabla ya kuweka kizuizi, wenyeji watabakiwa na mlango gani mdogo: kuni zilizoanguka, uyoga, vinkubala vya majira, njia ya kwenda makaburini. Nasi tunaonunua makala Lubumbashi tusijitoe. Makala yakiwa rahisi mno, kuna mtu aliyelipa tofauti ya bei, na mara nyingi ni yule aliyeyachoma.

Tangu vita vilipofika Bukavu mwezi wa Februari 2025, si wakati wa kuzungumza matembezi ya milimani kwa raha. Siku amani itakaporudi, na watu wapande tena Kahuzi bila hofu, pale Tshivanga patabandikwa kibao cha bei ya kiingilio, kama ilivyo desturi. Ningetaka chini ya bei hiyo paandikwe mstari mmoja zaidi, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa lugha ya kijiji: katika fedha hii, kiasi gani kinakwenda kwa Batwa, na ni nani anayekipokea kwa mkono wake.